Makopo Manne ya Dawa ya Lami

Wewe uliyejifunika kanga mbili mwezi huu wa joto, jasho linakutiririka, na ukiulizwa unasema una homa, maneno haya nakuandikia wewe. Homa huna. Najua una nini. Mie nilisema nina homa kipupwe kizima, hadi jirani akaniletea majani ya kujifukiza. Nikajifukiza, maana ningefanyaje?

Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Sijui, na yule daktari wa Kizungu aliyenitazama hakujua pia, ila yeye alikuwa na jina lake, refu kama treni ya Pugu. Nitakueleza tu ulivyonipitia, na dawa nilizojipaka, na ile moja ambayo mtu hawezi kujipaka mwenyewe.

Mie ni Binti Shomari, wa Temeke. Kazi yangu ilikuwa usomo. Msichana akivunja ungo, mama yake humtafutia mwanamke wa kumfunda. Msichana huitwa mwari, na mwanamke huyo ndiye somo wake tangu siku hiyo. Humfunda usafi na adabu, na harusi ikikaribia humlaza mkekani akamsinga mwili mzima kwa singo, yaani unga wa liwa na maua makavu uliokandwa kwa marashi, mpaka nongo yote itoke na ngozi ing'ae. Mwanamke anaweza kuolewa na kuachika mara tatu, somo wake akabaki yule yule.

Nilikuwa na wari wengi, kuanzia Keko mpaka Mtoni. Mikono yangu ilisifiwa. Bibi harusi wote hukakamaa wakilazwa pale, hata wale wenye domo, kwa hiyo kila mmoja nilikuwa namwambia neno moja kabla sijaanza: "Legea, mwanangu. Uko mikononi mwangu." Basi hulegea. Sijui kwa nini, lakini walikuwa wakilegea.

Mtoto wa kuzaa sikujaliwa. Nilikuwa na Zuhura, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimpokea kuwa mwari wangu akiwa mwembamba kama fito, mbishi, anauliza kila jambo. "Somo, kwa nini nisile pilipili?" "Somo, wewe nani alikufunda?" Nilikuwa namwambia anyamaze, na moyoni nafurahi. Hata neno langu la bibi harusi aliliuliza, nikamwambia. Siku zote nilijua kwenye harusi yake nitamsinga mie, na nilishaanza kuhifadhi maua.

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, kanga za maua zikaanza kurudi madukani. Masika ya mwaka huo yalipopita nikaona kwenye kiwiko cha kulia alama nyekundu, juu yake magamba meupe meupe. Nikasema: nongo. Mie, ninayetoa nongo za watu, nina nongo kiwikoni! Nilipata aibu hata kabla mtu hajaniona. Nikachukua dodoki na maji ya moto nikajisugua mpaka damu ikatoka. Kiwiko kikawa chekundu, safi. Nikajisifu.

Baada ya juma moja alama ilikuwa mara mbili. Nikasugua tena. Nikatia singo yenye chumvi, nikatumia jiwe la kusugulia visigino. Likaja goti, likaja goti la pili, kikaja kiwiko cha kushoto, na mgongoni nikahisi kitu kikiwasha pasipofikika. Kipupwe kilipoingia nilikuwa najisugua kila asubuhi kama sufuria iliyoungua. Na kila nilipojisugua ndipo ugonjwa ulipoota. Akili ya somo ilikuwa hiyo moja tu: ngozi ikikukosea, isugue. Hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya kwa ufundi wangu mwenyewe.

Vuli ilipoanza, ukashuka mikononi, viganjani na mgongo wa mkono. Hapo roho ikaniruka. Nikapaka hina mikono yote mpaka kwenye viwiko, kama bibi harusi. Watu wakanitania, "Binti Shomari, umeolewa mara ya pili?" Nikacheka nao. Lakini hina haikushika juu ya magamba. Nikaona afadhali piko, ile nyeusi. Nikajichora mwenyewe maua na majani, mkono wa kushoto kwanza, halafu nikamwomba Zuhura anichoree wa kulia. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Akaziona alama. "Somo, hapa umefanya nini?" Nikamwambia nimeungua mafuta ya vitumbua. Akanitazama, kisha akaendelea kuchora, taratibu, akizunguka kila alama asiiguse.

Siku ya tatu piko iliwasha. Siku ya kumi rangi ikaanza kufifia, na chini yake, yarabi, ugonjwa ulikuwa umeota kwa kufuata michoro. Ua kwa ua, jani kwa jani, mpaka vile vikonyo vyembamba alivyochora Zuhura. Mikono yangu ilikuwa na maua ya magamba meupe. Nilikaa uani nikayatazama, na nakwambia kweli, yalikuwa yamechorwa vizuri. Nililia nikacheka kwa pamoja.

Juma hilohilo nilikuwa nimeitwa Keko kumsinga bibi harusi. Ningesema nina homa. Sikusema, kiburi changu hicho. Nikaenda nimevaa kanga imefika vidoleni, nikamlaza mwari wangu, nikamwambia neno langu, nikaanza miguuni. Chumba kina wanawake sita, wanaimba. Mkono umelowa marashi, magamba yakalainika yakaanza kutoka. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshika bakuli la singo. Akainama.

"Hiki cheupe nini?"

"Unga wa mchele," nikasema.

Akakichukua kimoja kwa kidole, akakipondaponda. Akanitazama. "Binti Shomari, hebu nyoosha mikono."

Wimbo ukakatika. Nikanyoosha, ningefanya nini? Yule mtoto, kalala macho yamefumbwa, akauliza, "Somo, mbona umeacha?"

Shangazi hakunitukana. Neno ukoma hakulitamka. Aliwageukia wenzake akasema, "Mwosheni huyu mtoto. Mwosheni upesi."

Nilirudi Temeke kwa miguu, bakuli langu kichwani. Habari ilinitangulia. Sijui ilipita njia gani, maana sikusimama popote.

Mume wangu, Mzee Kondo, tulikuwa tukila sinia moja tangu nilipoingia nyumbani kwake. Jioni ile alichukua bakuli, akajipakulia, akaenda kukaa barazani. "Huku kuna hewa nzuri," akasema. Kesho yake hewa ikawa nzuri tena. Nikaanza kumpakulia mwenyewe, nikamwekea barazani, ili asipate tabu ya kusema uwongo. Sinia nikalisimamisha ukutani. Kiangazi kilipofika akaniambia mihogo ya Chanika inaliwa na nguruwe, hana budi kwenda kuilinda. Chanika alikuwa na mke mkubwa, na shamba. Alikunja mkeka wake, akachukua jembe. Pale mlangoni alisita, nikadhani atasema jambo. Akasema, "Jitunze." Ndiyo kwaheri yangu hiyo.

Talaka hakunipa. Angenipa ningejua moja. Aliniletea mihogo kwa mkono wa mtu, na mtu yule aliiweka nje ya mlango akabisha hodi akiwa ameshaondoka.

Wagonjwa wa kifua hutembelewa, hata mwenye vidonda hutembelewa. Sie tunaopukutika hatutembelewi. Ukikaa mahali unaacha unga wako. Nilikuwa naamka nafagia kitanda, nafagia kigoda, nafagia chini ya kigoda. Nilichoka kujifagia. Siku nzima nilikuwa sisemi na mtu, mpaka jioni nikisema "shii!" kumfukuza kuku wa jirani, sauti yangu inanishtua. Zuhura alikatazwa kuja. Alikuwa akipita njiani na ndoo, anapaza sauti, "Shikamoo, somo!" Nami ndani naitikia, "Marahaba, mwanangu." Mchana wangu wote ulikuwa huo.

Masika ya pili ndiyo yaliyonipeleka hospitali ya mjini, maana ngozi ya viganja ilikuwa inapasuka na siwezi hata kukuna nazi. Nilikwenda kwa miguu kupitia Keko, mvua inanyesha. Kibaraza cha kungojea kilikuwa na mabenchi marefu. Nilipokaa, benchi langu likawa jepesi, watu wakasogea kidogo kidogo, hadi mwisho nikawa mie na nafasi ya watu wanne. Nakwambia hili usije ukadhani ni wewe peke yako. Chukua ushanga au ukili wa kusuka uwe na cha kutazama.

Dresa wa kwanza, yaani msaidizi wa daktari, alinitupia jicho akasema upele. Akanipa mafuta ya kibiriti upele, ya manjano, yanayonuka kama yai lililooza. Siku tatu nikajipaka. Nikaungua kama niliyemwagiwa uji. Nikarudi. Nikapewa dawa ya zambarau, ya kupaka kwa pamba. Hiyo haikuunguza, wala haikuponya, ila nguo zangu zote zikawa zambarau na watoto wakawa wanakimbia nikipita. Nikarudi mara ya tatu nikasema siondoki mpaka nimwone daktari mwenyewe. Nilikaa tangu asubuhi mpaka jua la alasiri likanifikia miguuni.

Aliyekuwa akimtafsiria daktari alikuwa dresa mwingine, jina lake Yohana, kijana wa bara, mrefu, Kiswahili chake cha darasani. Daktari akachukua sindano akanichoma juu ya alama.

"Inauma, mama?" Yohana akauliza.

"Inauma, kwani mie gogo?"

Yohana akacheka kabla hajatafsiri, na daktari naye akacheka. Wakanichoma kwingine. Kote kunauma. Sijawahi kufurahia maumivu kama siku ile.

"Basi siyo ukoma," Yohana akasema. "Mwenye ukoma hasikii sindano. Wala huu wako hauambukizi, mama. Unaweza kulala na mtoto mchanga. Lakini daktari anasema hautaondoka kabisa. Utapoa, utarudi."

"Ugonjwa wenyewe una jina?"

Alijaribu kulitaja, likamshinda, akajaribu tena, akaacha. "Andika tu basi kwamba siyo ukoma," nikamwambia. Akaniandikia kwenye karatasi: mwanamke huyu hana ukoma. Daktari akatia sahihi. Nikaikunja nikaifunga pindoni mwa kanga kama dhahabu.

Dawa waliyonipa ilikuwa ya lami. Usicheke, lami kweli, imechanganywa na mafuta mazito, nyeusi tititi. Unakwenda na kopo lako mwenyewe wanakujazia. Mie nilipeleka kopo la sigara la bati. Yohana akanifundisha kana kwamba mie ndiye mwari na yeye ndiye somo. "Mama, usisugue. Umesikia? Hata kidogo. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, magamba yakilainika yaache yatoke yenyewe. Paka mafuta ya nazi. Kisha hii, nyembamba. Kisha kaa juani asubuhi, mgongo wazi. Na mgongoni akupake mtu, kwa kiganja, siyo kwa kucha. Nani yuko nyumbani?"

"Nyumba imejaa watu," nikasema.

Kopo la kwanza nililimaliza masika yakikatika. Kutosugua kulinishinda kuliko harufu. Mikono yangu miaka yote ilijua kazi moja, nami naiambia itulie. Ikaniwia kama kumfunda mwari mkaidi. Lakini nilitii, na siku moja nikaona goti limelainika, wekundu umefifia. Nikaligusa kwa mdomo, maana vidole vilikuwa havihisi laini.

Mgongo ndio ulikuwa mtihani. Nikajifunga kitambaa kwenye mwiko, nikachovya, nikajipaka kwa kupapasa. Unafika mabegani, unafika kiunoni, pale katikati haufiki. Nikaona nipake lami kwenye nguzo ya mlango wa uani halafu nijisugue pale kama ng'ombe. Nguzo ikawa nyeusi, mgongo ukapata robo. Nguzo ile mpaka leo ina doa, urefu wa mgongo wangu, na wageni wakiuliza nasema ni moshi. Katikati pale pakabaki vilevile, panawasha, panapasuka. Nilikuwa nakaa juani uani, nimeyapa makuti ya ua mgongo, nawaza: laiti kungekuwa na mtu mmoja tu duniani mwenye viganja viwili.

Kopo la pili liliingia na Ramadhani. Ndipo nikasikia Zuhura amechumbiwa, na kijana mmoja karani wa bandarini. Harusi Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani.

Usiulize nilivyohesabu. Nililoweka, nikapaka, nikakaa juani, sikukosa hata siku moja. Kama mikono itasafika kabla ya Mfungo Pili, nitamsinga Zuhura wangu, na nikimsinga Zuhura mbele ya watu, basi nimerudi duniani. Sikutaka mgongo tena, sikumtaka hata Mzee Kondo. Nilitaka mikono miwili. Kopo la tatu lilipokaribia kuisha, maua yote yalikuwa yameondoka. Yalibaki madoa meusi, bapa, laini. Siku hiyo nilioga mara mbili kuondoa harufu, nikavaa kanga mpya, nikatoka na mikono wazi mchana kweupe mpaka nyumba ya tatu.

Mama Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Tulikuwa mashoga tangu usichana. Alinikaribisha, akaninyooshea kigoda, siwezi kusema hakunikaribisha. Nikaweka mikono magotini aione.

"Alhamdulillahi," akasema. "Imepona."

"Imepona. Nimekuja tupange singo."

Akaendelea kupepeta. Nikafungua pindo la kanga, nikamtolea karatasi yangu. Hakujua kusoma, nikamsomea. Akaweka ungo chini.

"Shoga, mtu mzima anatembea na cheti cha kusema hana ukoma? Mie sina cheti hicho, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikaikunja karatasi yangu. Ni kweli. Karatasi ilikuwa inaleta neno lile mahali ambapo mie nilitaka lisitajwe.

"Mie nakuamini," akasema, na macho yalimjaa machozi, nilimwona. "Mikono yako imepona. Lakini midomo ya watu haijapona. Wale wakwe watasema mke wao alisingwa na nani? Mtoto akitoka kipele kimoja tu usoni, watasema nini? Nimemwita Binti Ramadhani wa Mtoni. Usinichukie."

"Zuhura anasemaje?"

"Zuhura ni mwari. Mwari hasemi."

Angenifukuza ningemchukia, ningepata nafuu. Aliniaga kwa upole mpaka mlangoni, na hakunipa mkono.

Siku tatu kabla ya harusi, Binti Ramadhani alibisha hodi kwangu. Hakuingia, alisimama kizingitini, mwanamke mnene mpole, kanga kaishika puani kwa ajili ya lami. Lakini alikuja, namshukuru. Somo mzuri huuliza. "Mwili wa mtoto wako ukoje?" akasema. "Nisije nikamharibu."

Nikamwambia yote. Usimtie karafuu, humtoa vipele shingoni. Liwa iwe nyingi kuliko maua. Anza miguuni, usianze mabegani, ana mtekenyo. Nikamtolea na maua yangu niliyohifadhi tangu alipokuwa fito, yamekauka vizuri, kibakuli kizima. Akayapokea kwa pindo la kanga. "Kuna jingine?"

"Hakuna," nikasema.

Neno langu lile sikumpa. Nilimpa maua, nilimpa mtoto, neno sikumpa. Kama ni choyo, basi ni choyo.

Siku ya kusinga, harufu ya liwa ilifika mpaka uani kwangu. Vigelegele nilivivumilia kidogo, ile harufu ikanishinda. Nikachukua kopo nikaenda hospitali, ingawa lami ilikuwa bado imebaki kidogo, nikakaa benchini kama mtu aliyetumwa. Watu wakasogea, kawaida yao. Akaja mama mmoja, kabeba mtoto mchanga, kachoka, kamasi zinamtoka mtoto. Dresa akamwita jina. Akatazama huku na huku, akanitazama mie, akatazama mikono yangu, madoa yote akayaona, nikajua ameyaona. "Bibi, nishikie huyu, nina mwingine ndani," akasema, akanitupia mtoto magotini akaenda mbio.

Mtoto alinukia maziwa yaliyochacha. Alikishika kidole changu akakitia mdomoni. Sikujua nimekosa uzito wa mtu kiasi kile. Yohana alipotoka akanikuta nimeinamia mtoto wa watu, namlowesha kwa machozi. Alichukua kopo langu, akarudi limejaa mpaka juu, akakaa kando yangu kidogo. "Mgongo unaendeleaje, mama?"

"Nyumba ina watu wavivu," nikamwambia.

Akabonyeza kifuniko cha kopo. "Mimi nyumbani kwetu ni mbali," akasema. "Siku mbili kwa gari moshi. Nikiumwa huwa nasema vilevile, nyumba imejaa." Halafu wakamwita ndani.

Hilo lilikuwa kopo la nne.

Fungate ya Zuhura ikapita. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kidogo kidogo, na pale katikati ya mgongo palikuwa pamepasuka, nguo inagandia. Asubuhi moja jua lilitoka kati ya mvua, nikaketi uani kwenye kigoda, mgongo wazi, mwiko mkononi, kopo pembeni. Nikasikia mlango wa mbele. Nikavuta kanga haraka.

"Hodi, somo."

Aliingia moja kwa moja, bila kungoja karibu, kama alivyokuwa akiingia zamani. Amevaa leso mpya, dhahabu masikioni, hina ya mikono bado nyekundu kama damu ya mzee. Bibi harusi akitoka fungate humwendea somo wake kumwamkia. Ndiyo desturi. Lakini somo wake sasa alikuwa Mtoni.

"Umepotea njia," nikamwambia. "Mtoni ni huko."

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Mumeo anajua uko hapa? Mama yako je?"

"Watajua nikirudi." Akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatafuta maua yake. Yalikuwa madoa tu. "Mie ndiye niliyekuchora," akasema. "Nilijua hukuungua mafuta. Nikanyamaza nikachora."

"Ungejuaje? Hata mie sikujua."

"Yule mama wa Mtoni alinisinga vizuri. Hakuacha mahali. Ila nilikakamaa tangu mwanzo mpaka mwisho, somo, mpaka akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nangoja aseme neno lako. Hakusema."

Nilitazama chini. Choyo changu hicho.

Akauona mwiko, kitambaa chake cheusi. Akatazama nguzo, akaona doa, akapima kwa macho urefu wa doa na urefu wangu. Huyo ndiye Zuhura, haulizi lile alilokwisha kuliona. Akavua bangili, akaziweka kwenye lile sinia lililosimama ukutani, akalilaza kwanza ndipo akaziweka. Akachovya vidole vitatu kwenye kopo.

"Utanuka," nikamwambia. "Lami hii haitoki kwa sabuni. Mwanamke katoka fungate leo, mume ananusa nini?"

"Na anuse."

"Hina yako, Zuhura."

"Geuka, somo."

Nikageuka. Nilikuwa nimekakamaa, nilihisi mwenyewe, mabega yamenipanda masikioni. Tangu jioni ile ya Keko mpaka leo asubuhi hakuna mtu mzima aliyenigusa kwa hiari yake, na yule daktari alinigusa kwa sindano. Kiganja chake kikasimama juu ya ngozi yangu, hakijagusa bado, joto lake nalisikia. Kisha kikatua katikati, palepale.

"Legea, somo," akasema. "Uko mikononi mwangu."

Nikalegea.